Mo Ibrahim: Tajiri wa simu aliyewawekea marais mtihani

Na MWANDISHI WETU

JUMAMOSI moja nilikuwa nikimsaidia mama kupanga kabati lake la zamani. Binti ya kaka yangu, aliye kidato cha nne, akatoa chini ya mkebe wa stakabadhi kadi ndogo ya simu iliyokwaruzwa miaka mingi iliyopita.

“Shangazi, Celtel ni nini?” akaniuliza.

Kabla sijafungua kinywa, nyanya yake alikuwa ameshacheka.

“Hiyo ndiyo iliyonipa simu yangu ya kwanza, mjukuu wangu. Ilianza ikiitwa KenCell, ikawa Celtel, ikawa Zain, na leo ni Airtel. Majina yamebadilika lakini nambari yangu ni ile ile.”

Msichana akakunja uso. Alitaka kujua ni nani hao wanaouziana kampuni nzima kama watu wa Gikomba wanavyouziana mitumba, na pesa zote hizo huishia wapi.

Swali hilo ni zuri kuliko alivyodhani. Kwani mmoja wa wauzaji hao, mzaliwa wa Sudan aitwaye Mo Ibrahim, alizichukua pesa zake akafanya nazo jambo ambalo halikuwa limefanywa na tajiri mwingine barani. Alitangaza kwamba rais wa Afrika atakayetawala vizuri na kuondoka Ikulu muda wake ukiisha, atalipwa.

MHANDISI KUTOKA SUDAN

Mohamed Ibrahim alizaliwa Sudan mwaka 1946 katika familia ya Wanubi, watu wa kaskazini mwa nchi hiyo ambao kwao ni kando ya mto Nile. Akiwa angali mtoto, familia yake ilihamia Misri, na ni huko alikosomea uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Alexandria. Baada ya masomo alirudi Sudan kufanya kazi katika idara ya simu.

Mwaka 1974 alisafiri kwenda Uingereza. Alipata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Bradford, kisha ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Birmingham. Somo lake lilikuwa mawasiliano ya simu za kubebeka, wakati ambapo watu wengi duniani hawakuwa na habari kwamba simu inaweza kuachana na waya.

Ili msomaji aelewe thamani ya elimu hiyo, hebu tueleze kidogo. Masafa ya redio ni haba kama viwanja vya katikati ya jiji. Kama mlingoti mmoja mkubwa ungehudumia Nairobi nzima, ni watu wachache tu wangeweza kuongea kwa wakati mmoja. Kwa hivyo wahandisi huligawa jiji katika vijieneo vidogo, kila kimoja na mlingoti wake mfupi, na masafa yale yale hutumika tena mtaa wa mbali bila kugongana. Shida ni kwamba mawimbi hugonga majumba, huruka, hupotea vichochoroni. Anayejua yatakavyopita ndiye anayejua pa kusimamisha milingoti.

Ibrahim alikuwa mmoja wa waliojua. Mwaka 1983 aliajiriwa na shirika la simu la British Telecom, akawa mkurugenzi wa kiufundi wa kampuni yake ya simu za mkononi, Cellnet, iliyoanza kuhudumia wateja mwaka 1985. Lakini urasimu wa shirika kubwa ulimchosha. Mwaka 1989 aliacha kazi, akaanzisha kampuni yake ya ushauri akiwa nyumbani kwake. Aliiita MSI.

Kampuni hiyo ilichora mitandao ya simu kwa ajili ya kampuni nyingine na kutengeneza programu za kompyuta za kupangia milingoti. Wafanyakazi walipewa hisa, si mshahara pekee. Mwaka 2000 Ibrahim aliiuza kwa kampuni ya Marconi ya Uingereza kwa takriban dola milioni 900.

Mtu mwingine angenunua jumba la kifahari akapumzika. Yeye alikuwa ameshaanza safari nyingine.

‘NCHI YA IDI AMIN?’

Katika miaka ya tisini kampuni kubwa za simu zilipigania leseni za Ulaya, Asia na Marekani Kusini. Afrika waliikwepa. Leseni zilikuwa rahisi, nyingine zikipatikana karibu bure, na bado wenye mitaji hawakuzitaka.

Ibrahim husimulia kisa kimoja. Alijaribu kumshawishi mkubwa wa kampuni ya simu achukue leseni ya Uganda. Yule bwana akamjibu kwamba hawezi kwenda mbele ya bodi yake na kusema anataka kufanya biashara katika nchi ya yule mwendawazimu Idi Amin. Amin alikuwa amefurushwa tangu mwaka 1979!

Ibrahim aligundua kwamba hofu ya aina hiyo ilitokana na kutojua, na kwamba mfanyabiashara anayejua hupata faida palipo na ujinga wa wenzake. Mwaka 1998 alianzisha kampuni ya kuendesha mitandao barani Afrika, ambayo baadaye ilichukua jina la Celtel.

Kazi haikuwa lelemama. Palipokosa umeme, kampuni ilipeleka jenereta zake. Palipokosa barabara, ilitafuta njia ya kufikisha vyuma na nyaya. Benki ziliogopa kumkopesha, kwa hivyo sehemu kubwa ya mtaji ilitoka kwa wanahisa waliokubali kusubiri.

Mfano unaokumbukwa ni wa Kinshasa na Brazzaville. Miji mikuu hii miwili ya Kongo hutazamana, mto tu ukiitenganisha, na bado simu kutoka ng'ambo moja hadi nyingine ililazimika kuzunguka kwa setilaiti kupitia mabara mengine, kwa bei ya kutisha. Celtel ilisimamisha mitambo kila upande, mawimbi yakavuka mto moja kwa moja, na gharama ikaporomoka. Jamaa waliokuwa wakionana kwa macho wakaweza kusalimiana kwa simu.

Afrika Mashariki nayo haikuachwa. Uganda ilikuwa na Celtel tangu mwaka 1995. Tanzania iliipata mwaka 2001. Hapa Kenya, Celtel iliingia mwaka 2004 iliponunua asilimia 60 ya KenCell kwa dola milioni 250, baada ya kinyang'anyiro na kampuni ya MTN ya Afrika Kusini. Hata kabla ya M-Pesa kuzinduliwa mwaka 2007, tanzu ya Celtel iliyoitwa Celpay ilikuwa imejaribu malipo kwa simu nchini Zambia na Kongo.

HONGO MARUFUKU

Kila aliyewahi kuomba kibali serikalini anajua swali litakalofuata. Je, Ibrahim alipataje leseni katika nchi zaidi ya kumi bila kutoa kitu kidogo?

Jibu lake limekuwa lile lile miaka yote: hatukutoa. Anaeleza kwamba aliweka kanuni moja ya kuwakinga mameneja wake. Hakuna aliyeruhusiwa, hata mkurugenzi mkuu, kulipa zaidi ya dola 30,000 bila idhini ya bodi nzima. Afisa wa serikali alipodai chake, meneja aliweza kusema bila hofu kwamba uwezo huo hana, aombwe bodi. Na katika bodi walikaa watu wenye majina makubwa ambao hakuna waziri angethubutu kuwatajia mlungula.

Kanuni hiyo si ya matajiri pekee. Hata mwekahazina wa chama cha akina mama mtaani hupumua vizuri zaidi hundi inapohitaji sahihi tatu.

Mwaka 2005 kampuni ya MTC ya Kuwait, iliyokuja kuitwa Zain, iliinunua Celtel kwa kiasi cha dola bilioni 3.4. Kwa kima cha wakati huo hizo zilikuwa takriban Sh250 bilioni. Celtel ilikuwa na wateja zaidi ya milioni tano katika nchi 13. Wafanyakazi wengi walikuwa na hisa, na Ibrahim amesema karibu mia moja miongoni mwao waliamka wakiwa mamilionea wa dola.

ZAWADI YA KUONDOKA

Mwaka 2006 aliunda Wakfu wa Mo Ibrahim. Wengi walitarajia visima, vyandarua na madarasa, kama ilivyo desturi ya matajiri wafadhili. Yeye alisema misaada haitatosha maadamu nchi zinaongozwa vibaya. Wenye kuharibu ni viongozi, basi dawa ianzie kwao.

Ndipo ikazaliwa tuzo ya uongozi bora. Mshindi hupewa dola milioni tano kwa miaka kumi, kisha dola 200,000 kila mwaka maisha yake yote. Ilipotangazwa ilizidi Nobel kwa thamani. Lakini masharti yake ni magumu: awe aliongoza serikali, awe alichaguliwa kidemokrasia, awe aliheshimu muhula wa katiba, na awe ameondoka madarakani katika miaka mitatu iliyopita.

Hoja ya Ibrahim ni rahisi. Rais wa Ulaya au Marekani akistaafu huandika kitabu, hualikwa kuhutubia kwa malipo, huketi katika bodi za kampuni. Wengi wa wenzao wa Afrika hutazama nje ya lango la Ikulu wakaona umaskini, au jela, au kaburi. Ndiyo maana hung'ang'ania kiti.

Wa kwanza kupewa, mwaka 2007, alikuwa Joaquim Chissano wa Msumbiji. Aliongoza tangu mwaka 1986, akatia sahihi mkataba wa Roma uliomaliza vita na Renamo mwaka 1992, na mwaka 2005 akaondoka bila kutafuta muhula mwingine. Tuzo ilitangazwa siku aliyotimiza miaka 68, wakati alipokuwa mjumbe wa Umoja wa Mataifa katika mzozo wa kaskazini mwa Uganda. Wapenzi wa Kiswahili wanamkumbuka kwa jambo jingine pia: mwaka 2004 aliuhutubia mkutano wa Umoja wa Afrika mjini Addis Ababa kwa Kiswahili, huku wakalimani wakihangaika.

Baada yake walifuata Festus Mogae wa Botswana (2008), Pedro Pires wa Cape Verde (2011), Hifikepunye Pohamba wa Namibia (2014), Ellen Johnson Sirleaf wa Liberia (2017) na Mahamadou Issoufou wa Niger (2020). Nelson Mandela alipewa tuzo ya heshima mwaka 2007. Ushindi wa Pohamba ulitangazwa hapa Nairobi mwezi Machi 2015 na mwenyekiti wa kamati ya tuzo, Dkt Salim Ahmed Salim wa Tanzania, aliyekuwa Katibu Mkuu wa OAU kwa miaka 12.

Msomaji ahesabu mwenyewe. Kuanzia tuzo ya 2007 hadi ile ya 2020 ni washindi sita tu. Mwaka baada ya mwaka kamati ilikaa, ikatazama orodha ya marais waliostaafu, ikafunga faili bila kumpa mtu. Rais Mwai Kibaki aliondoka mwaka 2013 baada ya mihula miwili. Tuzo ya mwaka huo haikutolewa kwa yeyote.

Wapo waliocheka kwamba fedha zinaoza kwa kukosa mchukuaji. Ibrahim huwajibu kwamba hiyo ni tuzo, si pensheni. Ukimya wa kamati umekuwa habari kubwa katika magazeti ya bara zima, na pengine umeuma kuliko hotuba.

Pamoja na tuzo, wakfu huo ulianza mwaka 2007 kutoa fahirisi ya utawala. Nchi za Afrika hupewa alama kama wanafunzi: usalama, utawala wa sheria, haki za raia, fursa za kiuchumi, afya na elimu. Mauritius iliongoza kwa miaka mingi, hadi ripoti ya 2024 ilipoiweka Ushelisheli mbele. Kwa vijana kuna ufadhili wa masomo, na nafasi za kujifunza uongozi katika Benki ya Maendeleo ya Afrika, Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa mjini Addis Ababa, na Kituo cha Biashara cha Kimataifa mjini Geneva.

NANI ALIYEMCHAGUA?

Hata hivyo, si wote wanaompigia makofi.

Kuna wanaouliza kwa nini mtu alipwe kwa kutimiza kiapo chake. Mama mboga hapewi tuzo kwa kutouza nyanya zilizooza. Wengine wanasema dola milioni tano haziwezi kumshawishi mwizi anayeweza kuiba mara mia ya hizo kabla ya chakula cha mchana. Kwa maoni yangu hoja hii ya pili ina nguvu, na hata historia inaiunga mkono: waliopewa tuzo walikuwa watu ambao labda wangeondoka hata bila hiyo.

Swali la tatu ni zito zaidi. Ikiwa tajiri mmoja, asiyepigiwa kura na mtu, anaweza kuwapa marais alama na kuwakusanya katika kikao, je, huo nao si utawala? Ibrahim hajagombea cheo. Lakini akiita mkutano marais hufika, na fahirisi yake ikitoka wizara hutafuta maelezo.

Kisha kuna kodi. Celtel ilifanya biashara Afrika lakini kampuni mama ilisajiliwa Uholanzi, kama zilivyo kampuni nyingi za kimataifa. Mwaka 2010 Zain, ambayo Ibrahim hakuwa na usemi ndani yake tena, iliuza biashara zake za Afrika kwa Bharti Airtel ya India kwa dola bilioni 10.7. Mamlaka ya kodi ya Uganda ilidai dola milioni 85 kutokana na mauzo hayo, kesi ikafika Mahakama ya Rufani, na mwaka 2014 ikaamuliwa kwamba Uganda ilikuwa na haki ya kutoza. Kesi hiyo haikumhusu Ibrahim, ila iliwafunulia Waafrika jinsi milingoti inavyoweza kuwa Kampala na faida ikahesabiwa Ulaya.

MOTO NYUMBANI

Mwishoni mwa Aprili 2023 Ibrahim alileta mkutano wake wa kila mwaka Nairobi. Wakenya wengi wanaukumbuka kwa maneno ya Rais William Ruto, aliyelalamika kwamba viongozi wa Afrika wakialikwa ng'ambo na mkubwa mmoja hupakiwa kwenye mabasi kama watoto wa shule. Ukumbi ulicheka.

Lakini kulikuwa na jambo lisilochekesha. Wiki mbili tu kabla ya hapo, tarehe 15 Aprili, jeshi la Sudan na kikosi cha RSF walikuwa wameanza kupigana ndani ya Khartoum. Aliyekuwa waziri mkuu wa Sudan, Abdalla Hamdok, alisimama katika mkutano huo huo akaonya kwamba vita hivyo vikiachwa vikolee, Syria, Yemen na Libya zitaonekana mchezo mdogo. Onyo hilo lilisikika. Vita havikusikia. Mamilioni ya Wasudan wameyahama makao yao.

Khartoum ndiko fedha za Ibrahim zilikosaidia kuanzisha hospitali ya saratani ya matiti, iliyofunguliwa mwaka 2010 ikiongozwa na Dkt Hania Fadl, daktari wa picha za eksirei aliyekuwa mkewe. Risasi hazikuuliza nani alijenga nini.

Miezi mitatu baadaye likaja pigo jingine. Tarehe 26 Julai 2023 wanajeshi wa Niger walimpindua Rais Mohamed Bazoum. Huyu ndiye aliyekabidhiwa nchi na Issoufou mwaka 2021, makabidhiano ya kwanza ya kidemokrasia katika historia ya Niger, na ndiyo yaliyompa Issoufou tuzo. Zawadi ilibaki, lakini kile kilichotuzwa kilivunjwa.

Je, mabilioni hayo yamepotea bure? Sidhani. Kabla ya Ibrahim, mazungumzo kuhusu marais wa Afrika yalihusu wale wabaya tu. Leo mwanafunzi anaweza kutaja sita walioondoka kwa heshima, na anajua kwamba upo mtihani, hata kama wengi wanaufeli. Lakini tukiri kwamba pesa za mtu mmoja zina mpaka. Zinaweza kusimamisha milingoti Kongo wakati wa vita. Haziwezi kumfanya jenerali aliyeshika bunduki aiweke chini.

Nilimsimulia msichana wetu haya yote tukiwa tumekaa sakafuni, ile kadi ikiwa katikati yetu. Alisikiliza, kisha akamgeukia nyanya yake.

“Nyanya, na wewe ungempa nani hiyo tuzo?”

Mama alifikiri kwa muda mrefu. Akasema angempa chifu mmoja wa zamani wa kijijini kwetu, aliyegawa mahindi ya msaada wakati wa njaa na kuifanya familia yake mwenyewe kuwa ya mwisho kwenye foleni.

“Alipewa nini?” msichana akauliza.

“Hakupewa kitu,” mama akajibu. “Ndiyo maana ninamtaja.”

Kisha akaichukua kadi yake ya Celtel, akaifuta vumbi, akairudisha ndani ya mkebe.